Bia ya Tangi la Pili

Ulimi wangu umenilisha tangu ujanani. Nilikuwa mwonja chai kiwandani, hapa hapa Rungwe, mpaka nilipostaafu. Kila asubuhi vikombe vilipangwa mezani kwa safu, nami nilipita nikivuta chai kijikoni kwa mlio ambao nyumbani ungeniletea kofi la mama, naizungusha mdomoni, natema ndooni, nahukumu. Hii imeungua. Hii imelala kupita kiasi. Hii imechumwa na mvivu. Wenzangu walisema nina roho mbaya. Si kweli. Ni kwamba chai mbaya siwezi kuisifu, hata iwe imetoka shambani kwa mchungaji wangu.

Kwa hiyo mwanangu aliponipigia simu kutoka Kyimo kuniomba nikamwonjee bia, nilijua amechoka kudanganywa. Namwita mwanangu kwa sababu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na mama mkubwa ni mama. Ni mtu mzima, kipara kimeshaanza, na ana kiwanda kidogo: matangi matatu ndani ya banda ambalo mama yake alipikia kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija huku ikiongezwa maji ya moto.

"Wanywaji wangu wote wanasema tamu," alilalamika.

"Wanasema tamu ili wapate ya pili," nilimwambia. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Ndiyo maana nakutaka wewe, mama. Jumamosi anakuja mwenye hoteli wa Mbeya. Akiipenda, nimepona. Asipoipenda, nafunga."

Mtu atauliza, kwani mwenyewe hana mdomo? Mdomo anao, ruhusa hana. Kimpumu kile kile kilichomsomesha ndicho kilichomzika baba yake, basi mama yake alimshikisha Biblia akiwa bado shuleni, akamwapisha kwamba tone la pombe halitapita kooni mwake mpaka afe. Alimwapisha asinywe. Hakumwapisha asipike. Sisi Wanyakyusa hupata mwanya kwenye kiapo kama mvua inavyopata tundu kwenye bati. Kijana akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha bia, akaanzia kuosha matangi, akapanda, na miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika mama yake, akarudi kupika ya kwake. Anapika kwa kipimajoto, kwa mizani na kwa daftari. Ladha anaisikia kwa watu.

Ila kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Hata uwe na haraka vipi, humpi mgeni mrija kabla hujavuta mwenyewe mbele yake, aone kuwa chunguni hamna sumu wala mkono wa mtu. Mdogo wangu hakuiruka hatua hiyo hata siku moja. Alikuwa akiinama, anavuta kidogo, anafuta midomo kwa upande wa khanga, ndipo anasema karibuni. Mwanawe alikuwa akimimina na kuwapa watu bila yeye kugusa. Vijana wa bodaboda hawakujali. Wazee walinung'unika, na manung'uniko ya wazee Rungwe si kitu cha kuchezea.

Nilifika saa tatu asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa Kyimo kiasi kwamba dereva wa bajaji aliwasha taa, na bado alinishusha kwenye nyumba ya watu wengine, nikakanyaga matope bure na kumpa maneno yake. Baridi ilikuwa ya kutia ganzi vidole. Banda liko nyuma ya nyumba, na nyuma ya banda, chini ya migomba, ndipo alipolala mdogo wangu. Nilipita nikamsalimia kimoyomoyo. Sikukaa, maana sikuja kulia.

Ndani kulikuwa kusafi kuliko zahanati. Sakafu ya saruji, ndoo nyeupe, mipira ya maji imeviringishwa vizuri. Paa tu ndilo lilibaki la zamani: miti myeusi ya masizi, imeng'aa kwa miaka ya moshi. Alinimiminia kwanza ya tangi la kwanza. Ilikuwa na rangi ya shaba, povu jeupe la kusimama. Hiyo ndiyo aina wanayoiita peli eli, bia nyepesi yenye uchungu wa maua ya hopsi. Nilinusa, nikavuta, nikazungusha, nikatema. Ganda la chungwa, kimea kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi, na uchungu uliofika mwishoni ukaaga kwa adabu. Nilitafuta pa kulaumu nikakosa, nikaudhika kidogo.

"Hii ni bia," nilisema. Alitabasamu kama mtoto.

Akanimiminia ya tangi la pili, akajaza mpaka mdomoni mwa glasi, akaiweka mezani. Kabla sijaishika akaniambia nije kwanza nione kipimajoto. Tangi la pili lilikuwa na joto zaidi ya wenzake, ingawa hamira ilikuwa moja, kimea kimoja, na yote yalijazwa siku moja. Alisema alidhani tangi ni bovu, akalihamisha, akaweka lingine mahali pale pale. Lile lililohamishwa likatulia. Lililoletwa likaanza.

"Hapo palikuwa na nini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Mafiga ya mama."

Tulirudi mezani, hatua nne tu. Glasi ilikuwa imepungua. Povu hushuka, najua, lakini povu hushuka lote kwa pamoja, na hili lilikuwa limekatika upande mmoja wa ukingo, pana kama mdomo wa mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Tulikuwa wawili, mmoja hanywi, na mwingine hajaishika glasi.

"Huwa inakuwa hivyo," alisema taratibu. "Ya tangi hili tu. Nadhani kuna mtu ananionjea."

Nilimwambia aache ujinga, mimi ni mtu wa kanisani. Niliishika glasi. Nilinusa. Machungwa yalikuwepo, na kimea kilikuwepo. Halafu, chini yake, ukaja ulezi uliokaangwa kupita kidogo. Moshi wa kuni mbichi. Na mwisho kabisa utamu wa ndizi iliyoanza kuchoka. Nilivuta nikiwa nimesimama, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nimekaa, na nilikuwa nimemeza.

Ilikuwa ya mdogo wangu. Siyo kama ya kwake. Ya kwake. Ulezi aliuunguza siku zote kwa sababu alikuwa na haraka, na nilimgombeza kwa hilo mpaka wiki aliyokufa. Niliogopa, na ndani ya woga huo nilifurahi hivi kwamba nilitaka kupiga kelele.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee jirani, aliyekuwa mteja wa mdogo wangu toka enzi za chungu, mtu wa fimbo na koti la mvua. Mwanangu alishanieleza kwamba hupita kila siku saa nne kupata glasi moja na kwamba akili imeanza kumpotea. Alinisalimia, "Ugonile," akaelekea moja kwa moja tangi la pili, akamiminiwa, akanywa akiwa amefumba macho.

"Mama yako leo kapika fisuli," alimwambia mwanangu. "Ila mwambie asitie halaka. Ulesi unaungua." Akarudisha glasi. "Ndaga fijo," akashukuru, akatoka ukunguni.

Mwanangu alinitazama. Hakuwahi kuambiwa na mtu habari ya ulezi kuungua. Angeijulia wapi, mtu ambaye hajawahi kuonja hata tone la pombe ya mama yake?

"Ina nini, mama?" aliuliza.

Niliinuka. Kazi ndiyo dawa yangu. Nilisimama penye lile tangi nikatazama juu, na baada ya muda tone likanidondokea shavuni, baridi, la rangi ya kahawia. Nililionja kwa kidole: moshi na ulezi ule ule. Mti wa paa uliokuwa juu ya tangi hilo ndio mdogo wangu aliokuwa akitundikia mirija na mwiko. Mvuke wa kimpumu ulipanda hapo siku zote za uhai wake, na chachu yake ikajibanza kwenye masizi ikasubiri. Sasa matangi yalipopumua joto, paa lilitoa jasho, na kila mfuniko ulipofunguliwa, jasho likaingia.

Nilimweleza hivyo. Glasi sikuweza kuieleza, nikaiacha.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Ni chachu yake. Kwa lugha ya kazi, bia imeingiliwa. Itaendelea kuchacha ndani ya chupa, na chupa zitampasukia yule wa Mbeya mezani kwa wageni wake. Na tangi la tatu," nilikuwa nimeshalionja kwa haraka, "limeshaanza. Mwambie asije Jumamosi. Mwaga tangi la pili na la tatu. Ng'oa paa lote, na miti yake uichome."

"Hayo umesema kama mwonjaji. Na kama dada yake?"

"Kama dada yake sikuja."

Alivuta kigoda akaketi mbele yangu, akaishika ile glasi kwa mikono miwili bila kuisogeza mdomoni.

"Basi niambie ikoje. Polepole. Mimi nilikuwa namwona akiinama, akivuta, akifuta midomo. Kila siku. Sikujua alikuwa anasikia nini."

Nilimwambia. Nimeeleza chai kwa wanunuzi wa kila aina, lakini sijawahi kuchagua maneno kwa uangalifu kama siku ile. Nilimwambia unavyoanza ulezi, unavyofuata moshi, ndizi inavyochelewa. Nilimwambia mama yake alikuwa na mkono wa haraka, na kwamba haraka yenyewe ilikuwa yeye, ada yake na viatu vyake. Alitikisa kichwa kwa kila neno. Aliinusa mara moja tu, maana kiapo hakikutaja pua, kisha akaenda kufungua bomba la chini la tangi, na bia ikatiririka kwenye mfereji kuelekea migombani. Tulisimama mpaka ikaisha.

Paa aliling'oa mwenyewe. Hakukubali fundi aguse ile miti. Yule wa Mbeya alikubali kungoja, na baada ya wiki sita nilirudi Kyimo siku moja kabla yake. Safari hii jua lilikuwa limetoka. Banda lilikuwa na mabati mapya na dari nyeupe, na sauti zetu zilikuwa zikigonga ukutani na kurudi. Mzee jirani alikuwa ameshaketi mlangoni, ameshamiminiwa. Alionja ya tangi la pili, akaonja tena, akaweka glasi chini ikiwa karibu imejaa.

"Kaenda wapi?" aliuliza. Alichukua fimbo yake akaondoka, na sikusikia kwamba alirudi tena.

Glasi tatu zilikuwa mezani. Nilionja ya kwanza, nikatema. Ya pili nikaikawiza. Niliizungusha kila pembe ya mdomo, nikaivutia hewa, nikafumba macho, nikarudia, nikarudia tena. Mwanangu alikuwa amesimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Machungwa. Mkate. Uchungu ukafika, ukaaga. Ilikuwa bia nzuri kuliko zote nilizopata kuonja, na niliichukia kwa moyo wangu wote. Ya tatu ilikuwa vivyo hivyo.

"Imepona," nilisema. "Safi. Mtu wa Mbeya ataichukua yote."

"Hata ya pili?"

"Hata ya pili."

"Hamna kitu ndani?"

Ningeweza kumdanganya. Ndiyo mara pekee maishani ulimi wangu uliniomba ruhusa hiyo.

"Hamna kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Siku ya mazishi ya mama yake alibeba jeneza bila kutoa chozi, na watu walimsema. Sasa aliegemeza kichwa kwenye lile tangi la pili, akalia kwa sauti, mtu mzima na kipara chake, nami nikamshika mgongoni mpaka akanyamaza.