Pua ya Salvatory

Pua ndiyo iliyompa Salvatory kazi, na pua hiyohiyo ikamfukuzia watu.

Dizeli ilipovuja chini ya matangi ya kiwanda kimoja cha mbao kule Katindiuka, mwaka tisini na tano, alipewa kazi ya kushusha kopo refu kwenye mabomba yaliyochimbiwa ardhini ili kupima maji ya chini. Alivuta maji, akayanusa, akajaza chupa za kupelekwa Morogoro kupimwa. Visima vya majirani navyo alivipitia. Chenye harufu alikifunga kwa mbao na misumari.

Lakini jamani, mazoea yana taabu! Hata akikaribishwa maji, pua ilitangulia kikombeni. Na kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Mtu ameshaonja mbele yako, nawe unanusa? Si umemwita mchawi huyo! Watu wakamsusa. Msibani alikaa benchi peke yake. Jumapili baada ya misa waliitikia salamu yake, wakashika njia zao. Alirudi nyumbani kupika wali wa mtu mmoja, na huo nao ukamshinda kumaliza.

Ikabaki nyumba moja tu, ya Odilia, dada wa marehemu mkewe Fausta.

"Nusa, shemeji, nusa," alimtania. "Pua yako ina njaa kuliko tumbo."

Kila jioni alikunywa maji pale, wakamzungumzia Fausta kana kwamba yuko jikoni. Ndicho kitu pekee alichokingojea kutwa nzima.

Masika ya mwaka tisini na saba yalipoisha, Odilia alichota maji ya kisima chake, akaonja, akampa. Salvatory akanusa. Ilikuwa dizeli, kidogo, lakini ipo. Odilia alikwisha kuizoea bila kujua.

Akinyamaza, jioni zake zinabaki. Akisema, kisima kinafungwa, na Odilia alishaapa kwamba kikifungwa atahamia kwa bintiye kule Malinyi.

"Mbona hunywi?"

"Usinywe tena maji haya, shemeji. Yameingia mafuta."

Odilia akakichukua kikombe.

"Hata mimi, Salvatory?"

Hakumwita shemeji.

Kesho yake Salvatory alikipigilia kisima misumari huku Odilia akifunga mizigo ndani, wala hakutoka kumuaga. Majibu ya Morogoro yalipofika, yakisema ni dizeli kweli, nyumba ya Odilia ilikuwa na kufuli.

Jioni ile Salvatory alichota maji ya mtungi wake, akajaza vikombe viwili. Akaonja kimoja, kama mwenyeji anavyopaswa, akakisogeza mbele ya kiti kitupu. Chake akakinywa bila kunusa.