Desturi ya Mdogo Kuanza

Niliripoti kazini Jumatatu asubuhi, viatu vipya vikinibana, na kabla sijaoneshwa hata chumba cha kulala nikaingizwa kikaoni. Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha kilimo, nje ya mji wa Singida: wakufunzi tisa, madarasa manne, shamba la alizeti na ng'ombe wachache wakorofi. Mimi nilikuwa mkufunzi wa udongo, na katika wote tisa ndimi niliyekuwa mdogo kwa umri.

Kikao chenyewe kilikuwa cha Kamati ya Taaluma. Ninyi vijana mnadhani chuo kinaendeshwa na mkuu wake peke yake. Kamati hiyo ndiyo iliyoamua nani afanye mtihani, nani arudie mwaka na nani afungashe virago, kisha maamuzi makubwa yakapelekwa Bodi ya Chuo kupata baraka. Mkuu wa Chuo, mzee wa Kinyiramba mwenye sauti ya chini, aliongoza kwa desturi moja. Kila ajenda ikifunguliwa alisema, "Mdogo aanze." Mwenye umri mdogo alitangulia kutoa maoni, wengine wakafuata, yeye akamalizia.

"Nikianza mimi, wote mtanikubalia," aliniambia aliponiona nimeduwaa. "Tutakunywa chai, tutaondoka. Sasa hicho kitakuwa kikao?"

Nilifurahi mno, maana mdomo wangu haujawahi kuwa mzito. Muhula haujaisha nilikuwa nimependekeza kanuni: mwanachuo aliyekosa zaidi ya robo ya vipindi asifanye mtihani. Karatasi ya mahudhurio ingezungushwa darasani, kila mmoja asaini mbele ya jina lake. Kanuni ikapita, Bodi ikabariki, nami nikawa natembea kifua mbele utadhani chuo nimekijenga mimi.

Msimu wa mavuno ulipofika, kanuni yangu ilimnasa mtu mmoja tu. Hadija, binti wa kijiji cha Issuna, ndiye aliyekuwa bora kuliko wote darasani kwangu. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata, na asiyeufanya alipoteza mwaka mzima. Nikamwita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ulikuwa wapi siku zote hizo?"

"Nyumbani, Mwalimu. Mama yuko peke yake, na alizeti ikishakauka ndege wanaimaliza."

"Na wenzako wanaotoka vijijini, mbona wao walikuwepo?"

Akainamisha kichwa. "Siwezi kuwasemea, Mwalimu. Mimi waliniuliza kama wanisainie. Nikakataa."

Alipotoka nikafungua jalada la mahudhurio. Nikaitafuta Ijumaa moja ninayoikumbuka vizuri, siku tuliyochimba shimo la udongo, lile shimo refu la kuonesha tabaka za ardhi. Tulichimba bila zamu, kwa sababu walikuja wanachuo saba tu, na majembe yalikuwa manane. Kwenye karatasi ya siku hiyo zilikuwapo sahihi thelathini. Nafasi ya Hadija peke yake ndiyo iliyokuwa tupu.

Niliona aibu, nikaona na hofu. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, sijathibitishwa kazini. Kusema kwamba karatasi zangu zinadanganya kulikuwa sawa na kusema kwamba nafundisha bila kutazama nani yuko mbele yangu. Nikinyamaza, hakuna ambaye angejua, ila Hadija angerudi Issuna.

Kesho yake Kamati ikakaa. Makamu wa Mkuu wa Chuo, mtu wa kunyoosha tai kila dakika, akasoma jina. "Kanuni ni kanuni, Bwana Mwenyekiti. Tena kaileta mwenzetu huyu huyu."

"Mdogo aanze," akasema Mkuu wa Chuo.

Nikaitoa karatasi ya ile Ijumaa, nikaeleza shimo, majembe na sahihi thelathini. "Tukimzuia Hadija," nikamalizia, "tunamwadhibu mtu pekee aliyetuambia ukweli. Kosa ni langu. Nilizungusha karatasi, nikaacha kuhesabu watu."

Makamu akaacha tai yake. "Haya mambo ungeyajua mapema, Salome."

"Ningeyajua kama ningetazama, Mheshimiwa."

Walijadiliana hadi saa ya chakula ikapita. Uamuzi ukawa kwamba kanuni isimamishwe muhula ule, kwa kuwa kumbukumbu zake haziaminiki, na Hadija afanye mtihani. Waliosainiana walichimba mashimo ya udongo wiki mbili, na sikuwaonea huruma hata kidogo. Kuanzia muhula uliofuata mkufunzi angeita majina kwa mdomo na kusaini mwenyewe, na likizo fupi ikasogezwa wakati wa mavuno ya alizeti. Mimi nikapewa barua ya onyo. Ya kuthibitishwa ilikuja baadaye sana, na zote mbili nimezihifadhi kwenye bahasha moja. Hadija akahitimu, akapangiwa uafisa ugani upande wa Kiomboi. Hadi leo wakulima wa huko wakimsifu, mimi najisifu.

Baada ya hapo nilikuwa Mratibu wa Mitihani, nikawa Mkuu wa Idara, nikamaliza nikiwa Makamu wa Mkuu wa Chuo. Wakuu wa Chuo watatu walipita mbele yangu. Mmoja alijaribu kuanza kusema yeye. Nilikohoa mpaka akaelewa.

Katika kikao changu cha mwisho nilitaka jambo moja tu, kwamba utaratibu wa kuita majina uandikwe kwenye mwongozo wa chuo, ubaki baada yangu. Mdogo wetu alikuwa Rehema, mkufunzi ambaye hata kuthibitishwa alikuwa bado. Nilijua ataanza kwa kunisifu.

"Shikamoo, Mama Makamu," alisema. "Naomba nisikubali. Siku hizi wanaitikiana. Juzi sauti moja imeitikia majina matatu."

"Darasa la nani hilo?" nikauliza kwa ukali, maana mkufunzi huyo nilitaka kumnyoosha.

"Lako, Mama. Nilikaa nyuma nijifunze kwako."

Damu ilinipanda. Nikafungua mdomo kumkaripia, nikaikumbuka karatasi yangu ya ile Ijumaa, nikaufunga. Pendekezo langu likaanguka, kura yangu ikabaki peke yake. Nilimwambia mwandishi wa kikao ayaandike maneno ya Rehema yote, na darasa alitaje kwa jina langu.

Kisha nikarudi ofisini, nikasaini karatasi yangu ya mwisho katika kazi: pendekezo kwamba Rehema athibitishwe bila kucheleweshwa. Sasa nipo Mwankoko, nalima vitunguu. Watu wakiniuliza nilifanya nini chuoni miaka yote ile, nawasimulia siku niliyoshindwa na mdogo.