Kitanda cha Kekele cha Papa Sébastien

Watakuambia Kanyere iko na mudomo, na ni kweli. Muntu akiuza matela za eponji, yale magodoro laini ya kiwanda, miaka makumi mbili pa Masisi-Centre, mudomo njo kazi yake. Na huu mudomo wangu njo uliharibu kazi ya Papa Sébastien.

Alikuwa fundi wa kekele, zile kamba ngumu za pori wanazokata kule Ntoto alikozaliwa. Alizilowesha mutoni, akazipasua, akazianika kivulini, halafu akasuka viti na vitanda. Wakati niliolewa, kila nyumba ya huku ilikuwa na kitu cha mikono yake. Ukikaa, kiti kinalia kidogo chini yako na hewa inapita mugongoni. Ah, nyumba zetu za wakati ule! Mama mukwe wangu alikuwa anapaka kuta udongo mweupe kila Noeli, madirisha wazi, ndani munanukia nyasi kavu. Nikikumbuka ile harufu, moyo unaniuma.

Lakini kamyo za mizigo zikaanza kupanda na eponji kutoka Sake, na miye nikawa nasimama mulangoni pa butiki: "Mama, mpaka leo unalala juu ya kamba, weye ni nguo ya kuanikwa?" Watu wanacheka, wananunua. Papa Sébastien akipita ananiambia tu, "Jambo, Mama Kanyere." Mwisho akabaki mulimaji wa maharagwe.

Sasa mwaka huu binti yangu Kétsia akanipigia simu: anatoka Goma kuja kukaa na miye, pamoja na Luc, mutoto wake wa miaka mitatu. Furaha gani! Nikapaka chumba rangi ya mafuta, nikatandika tapi chini na matela mupya. Nailoni yake sikutoa, sababu kwetu kitu kikiwa na nailoni njo wageni wanajua ni kipya. Nikafunga madirisha majuma mawili ili vumbi isiingie.

Majuto ni mujukuu, wazee walisema. Yangu ilikuja na mujukuu mwenyewe, amebebwa mugongoni. Siku ya kwanza tu kifua cha Luc kikaanza kulia filimbi. Tukamuita muganga wa hospitali, akaingia mu kile chumba, akatoka ameshika pua. "Mama, hii rangi na hii eponji njo zinamukaba mutoto. Umutoe humu."

Kétsia hakunigombeza. Afazali angenigombeza! Alisema tu: "Mama, tungojee siku tatu. Pumzi ikikataa, tunarudi Goma." Tangu bwana yangu, baba yake, alikufa, nakula peke yangu, nazungumuza na sufuria.

Tukahamisha mutoto mu chumba cha zamani cha udongo, kule nyuma, na miye nikakimbia Lushebere kwa Papa Sébastien. Nikamukuta shambani, nikamuambia yote na kumuomba kitanda, macho chini. Hakucheka.

"Kitanda kipya ni majuma matatu, Mama Kanyere. Kekele haiharakishwi."

Nikalia palepale mu maharagwe yake. Akaniambia nirudi nyumbani.

Mbele ya jua kuzama akafika na kitanda kichwani, kimekuwa chekundu kwa uzee, laini, hakinuki kitu. Akakisugua kwa maji ya moto, tukatandika mukeka na mablanketi yaliyotoka juani. Sikumuuliza amekitoa wapi. Ona upumbavu wangu! Nilisema aksanti, nikafungua madirisha.

Siku ya tatu Luc aliamuka akiomba uji. Nikaweka sikio kifuani pake: filimbi hakuna. Kétsia akafungua valizi, akatundika nguo zao ukutani moja moja, na miye nikajifanya natafuta chumvi ili asinione nikilia.

Nikarudi Lushebere na kuku mbili. Papa Sébastien alikuwa amekaa chini, juu ya mukeka wenye blanketi moja, na kandokando ya ukuta udongo ulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda. Hapo njo nikafahamu. Nilikuwa nimechukua kitanda chake mwenyewe, kile alichosuka mwaka aliooa bibi yake Uwamwezi, ambaye tulimuzika miaka sita iliyopita.

"Papa, unisamehe," nikasema. "Ya kitanda, na ya ile miaka yote."

Akapokea kuku, akaziweka kivulini.

"Mutoto analalia upande gani?"

"Wa ukuta, Papa."

"Uwamwezi naye," akasema, "alikuwa analalia pale."