Mkwaruzo wa Redio ya Marehemu

Fundi wa redio pale Ufukoni hufanya kazi mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Redio zake ni zile za zamani zenye taa za kioo ndani, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo ziongee, na umeme wake ukiingia mkono mmoja ukatokea wa pili, anasema, unapitia moyoni. Chumvi ya bahari inayoganda ndani ya redio huisugua kwa mswaki, taratibu, akiguna. Mkwaruzo hauvumilii hata kidogo. Juzi, nikiwa nimekaa kwake, Bi Somoe wa Mahurunga alifuata redio ya marehemu mumewe. Ikawashwa, ikatoa sauti nyororo, kana kwamba mtangazaji ameketi nasi benchini. Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa.

“Siyo hii, mwanangu. Ya mzee ilikuwa inakwaruza.”

Nilingoja fundi abishe, maana alitumia siku mbili kuitia kiraka karatasi ya spika iliyochanika. Akachomoa waya ukutani, akangoja taa zipoe, akatoa mkono mfukoni na kukibandua kiraka kwa ukucha. Redio ilipowaka tena, ilikwaruza. Bi Somoe akajifunika uso kwa kanga. Fundi akarudisha ubao wa nyuma, akakaza skrubu zote nne.