Vichwa Vilivyonyolewa

Ninayoyakiri hapa yananiuma bado. Ninafundisha mbio za nyika katika koleji ya misheni hapa Kolwezi. Mapadri walinikabidhi timu kwa sababu niliwaapia kwamba ningemjua kila mwanariadha kama mwanangu.

Juma lililopita Kalala, mkimbiaji wangu bora, alikosa mazoezi, kisha akarudi amenyoa kichwa chote. Mimi nilikuwa nimehubiri sana kwamba mwanariadha wa kweli huacha urembo. Kabla hajafungua kinywa nikamsimamisha mbele ya wenzake.

“Tazameni mtu aliyeshinda majivuno,” nilisema.

Wakatazamana. Nikadhani wanamwonea wivu, nikaamuru wote wanyolewe. Walitii, nami, mjinga niliyesoma, nikaisifu nidhamu yao kwa mapadri.

Jumapili, kabla ya mashindano kule Musonoi, mama yake Kalala alinijia mbele ya mapadri hao hao. Naye alikuwa amenyoa. Akanishika mikono yote miwili.

“Aksanti, tata mwalimu,” alisema akilia. “Bazungu ba mu mine ya shaba habakutuma hata pole. Lakini weye umenyoa batoto yote juu ya kulilia bwana yangu. Sasa sema neno moya juu yake, bantu basikie.”

Mapadri wakavua kofia, wakaningoja. Sikujua hata jina la marehemu. Nikamgeukia Kalala, naye akatazama ardhi.

“Muache, mama,” alisema taratibu. “Mwalimu hakuyua hata kama tata yangu alikufa.”