Cherehani ya Pini na Mkanda Wangu

Nina mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima unamwita Pini. Jina hilo nilimpa mimi. Mambo mengi mazuri katika ukoo wetu niliyaanzisha mimi, ila watu wana kijicho, hawasemi. Nilimwita Pini kwa sababu tangu aanze ushonaji hujaza pini mdomoni na huongea nazo vilevile. Anakupima kiuno, anakusengenya mbele ya macho yako, na hajawahi kumeza hata moja.

Miaka ishirini na mbili ameshona katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara. Humo mna meza ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa kwenye kona, na cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita. Kuna suruali aliwahi kunishonea, nilikuwa nasimamishwa njiani. Sikatai kwamba mwili nao ulichangia.

Asubuhi moja alikuwa anakata kitambaa cha suti, mkasi ukamtoka. Akainama kuuokota, mkono ukakataa. Akamwita binti yake, maneno yakatoka yamelala upande. Hospitali wakasema ni kiharusi. Maneno yalirudi baada ya wiki chache na, kwa bahati mbaya yangu, yalirudi na makali yake yote. Lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vikabaki kama wageni nyumbani mwake: vipo, vimekaa, havisaidii kazi.

Sasa wewe usiyejua cherehani, sogea nikufundishe bure. Mashine ya kukanyaga ina gurudumu dogo upande wa kulia. Fundi hulisukuma kwa mkono wa kulia kuanzisha mwendo, kisha miguu inaendelea. Usiposukuma, ukakanyaga tu, gurudumu laweza kuzunguka kinyume, uzi ukajisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, halafu ukakatika. Baada ya miezi sita Pini alijaribu kulifikia gurudumu kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kikabaki yatima, kikaenda kinakotaka. Akajaribu mguu wa kushoto peke yake. Kila alipokanyaga, kinyume. Siku kumi nzima, kinyume.

Siku ya kumi na moja hakukaa kwenye kiti cha kazi. Alikaa kwenye kochi, binti yake akimfunga vifungo vya blauzi.

"Kaka," akaniambia, "mwambie yule fundi wa mtaa wa nyuma aje aichukue cherehani."

"Uiuze?"

"Sitaki kuiona. Kila ikinitazama inaniuliza mimi ni nani siku hizi, na jibu sina."

Nikaenda kumwita fundi bila kumtania hata neno. Jambo hilo hutokea kwangu mara chache sana, muulize yeyote.

Fundi akaahidi kuja Jumamosi. Mimi nikatangulia kuifungua, kwa sababu kichwa cha mashine na miguu yake ya chuma havipiti mlangoni vikiwa pamoja. Nikaufungua mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu kubwa la chini na lile dogo la juu. Fundi akafika, akatazama vyuma sakafuni, akakunja uso.

"Mzee, mimi nanunua mashine, sinunui mifupa. Iunge niione ikitembea."

"Hiyo kwangu ni dakika mbili," nikasema. Shule niliachana nayo darasa la sita, lakini mitambo ipo kwenye damu. Nikainua kichwa, nikakaza skrubu, nikapitisha mkanda kwenye matundu ya meza, nikaufunga. Dakika hazikuwa mbili. Kidole kimoja kilitoka damu.

Fundi akakaa, akasukuma gurudumu kama ilivyo ada, akakanyaga. Krrr! Uzi ukajisokota, ukakatika. Akatunga upya. Krrr!

"Hii ina mashetani," akasema, akisimama. "Tena yamezeeka humo. Watu mnaniuzia ugonjwa?"

Alimaanisha mashine, namtetea. Lakini neno lilishatua kochini. Pini akashika mkongojo wake akainuka.

"Ugonjwa? Mashine yangu haijawahi kumla mtu uzi miaka ishirini na mbili! Hebu toka hapo. Mwanangu, nitungie uzi."

"Mama, usijichoshe."

"Nitungie uzi, nimesema."

Akakaa. Akaweka kipande cha kanga chakavu chini ya sindano, akakishika kwa kushoto. Gurudumu hakuligusa. Akakanyaga kwa ule mguu wake wa kushoto, kwa hasira, nadhani hata hakukusudia kushona, alikusudia kumpiga mtu teke.

Tik-tik-tik-tik-tik.

Mshono ukatoka upande wa pili umenyooka. Akageuza kitambaa, akashona tena. Akakigeuza tena. Binti akaziba mdomo kwa viganja viwili. Pini akasimamisha mguu, akainama taratibu kuchungulia chini ya meza.

"Kaka."

"Naam."

"Huu mkanda umeupishanisha. Umekaa kama nambari nane."

Nikachungulia. Kweli, mkanda ulipishana katikati kama miguu ya mlevi. Mkanda ukikaa hivyo, gurudumu la juu huzunguka kinyume na la chini. Kwa hiyo mguu uliokuwa ukikosea kila siku, sasa ulikuwa unapatia, na miguu ya fundi iliyozoea kupatia ikawa inakosea.

"Nilifanya makusudi," nikasema.

"Mjomba!" binti akaangua kicheko.

"Huyo kukosea ni kipaji chake tangu utotoni," Pini akasema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na hakuwa na mkono wa kufutia kwa kuwa ule mmoja ulikuwa umekishika kitambaa, haukiachii. "Fundi, nisamehe kwa usumbufu. Haiuzwi."

Nguo ya kwanza aliyoishona ilikuwa blauzi yake mwenyewe, na alichukua wiki mbili. Mbele hakutoboa matundu ya vifungo. Aliweka vipande vya ule utepe wa kushikana wa viatu vya watoto, ukiubandua unalia kraa, kisha juu yake akashonea vifungo vya pambo. Ukimwona utadhani vimefungwa. Alijivalisha mlango ukiwa umefungwa, sisi tukisubiri nje, na alipotoka binti yake ndiye aliyelia, maana miezi saba alikuwa akimvalisha.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini katika chumba cha mazoezi hospitalini, pale wenye kiharusi wanapofundishwa kutembea kwa kushika vyuma, kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye kila mara alikuja na fulana na koti juu. Mtu wa tai, huyo. Pini akamuuliza.

"Mwalimu, mashati yameenda wapi?"

"Kabatini. Anayenifunga vifungo ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nikimwona anakuja na shati, natamani ardhi ipasuke. Bora fulana."

Pini akamsogelea. Akatoa futi mfukoni, akampa binti yake ashike ncha moja, akampima mabega papo hapo, kati ya wagonjwa.

Shati la utepe uleule lilipokamilika, mwalimu alikaa nalo chumbani kwake asubuhi karibu nzima. Akaja mazoezini kola imekaa upande, na mkwe wake aliponyoosha mkono kuirekebisha, mzee akampiga kijembe: "Iache ilivyo. Hiyo ni kazi yangu mwenyewe." Tangu hapo wamekuja wengine: dereva wa zamani aliyepoteza mkono, bibi mwenye vidole vilivyokakamaa. Pini ananiambia, pini zikiwa mdomoni, "Zamani nilishona watu wapendeze, kaka. Sasa nashona watu wajivalishe. Sikuwa najua kwamba kuna tofauti." Anashona polepole, kuna siku mguu unachoka na kazi inalala. Mkono wa kulia haujarudi. Ameupa kazi ya kukandamiza kitambaa kisiteleze, kama jiwe.

Tatizo ni mkanda. Pale unapopishana unajisugua, na kila baada ya muda unakatika. Majuzi nilikuwa safarini, akaitwa fundi wa mashine, msomi, ana cheti. Akaufunga vizuri, habari ya nambari nane hakutaka kuisikia, ukanyooka, akaondoka akijisifu. Mashine ikagoma saa hiyohiyo.

Simu yangu ikalia. Hakunisalimu hata.

"Kaka, njoo ukosee."

Nikaenda. Kwenye ukoo huu, kazi hiyo hakuna mwingine anayeiweza.