Siku Niliyoomba Msamaha kwa Kijiji Kizima

Jamani, hili nalisema mara moja tu, na atakayecheka kabla sijamaliza nitamkatia hadithi. Mimi, mratibu wa kituo cha kutetea watoto, mtu wa mafaili na mihuri, niliwahi kusimama Kirua Vunjo mbele ya wazazi wote, kipaza sauti kwapani, nikakiri makosa ambayo hakuna aliyeyafanya.

Kwanza mnielewe. Mimi ni mtu wa Tabora, na wakati huo nilikuwa na miezi mitano tu Moshi, nimepanga mtaa wa Soweto, ofisi iko Rau, na kazi yangu ilikuwa barua, ratiba, orodha za mahudhurio, na kuzunguka vijijini kueleza kituo kinafanya nini (maana huko juu mlimani ulishaenea uvumi kwamba tunafundisha watoto kuwashtaki wazazi wao). Siku hiyo tulikwenda kuomba chumba kimoja tu, kile kitupu kando ya ukumbi wa kijiji, ili kila Alhamisi mshauri wetu akae pale na mtoto mwenye jambo linalomsumbua apate mahali pa kulisema. Bila hicho chumba ilibidi ateremke mpaka mjini, na niambieni, mtoto gani wa darasa la tatu atapanda gari peke yake kwenda kusema siri? Chumba kilikuwa mikononi mwa wazee, wazee walikuwa wakimsikiliza Mzee Ndesario, na Mzee Ndesario hakutupenda.

Bosi wangu, Mama Aikande, mzaliwa wa hukohuko, alikuwa ameniagiza jambo moja jepesi: "Zuhura, pitia sokoni uchukue maua ya mezani, wazee wanapenda heshima." Nikasahau. Tumeshafika, yeye kaenda kumsalimia mtendaji wa kijiji, mimi nimebaki na meza tupu, nikatoka nje nimechanganyikiwa, na hapo kwenye kona ya njia nikaona majani marefu ya kijani, yamejipanga mstari, yanang'aa, hayana mwenyewe (hivyo ndivyo nilivyoona mimi na macho yangu ya Tabora). Nikachukua kisu cha mkate wa chai, nikakata vichwa kumi na viwili, kila kimoja nikakifunga utepe mwekundu. Halafu nikajiona mjanja zaidi: kwa nini niyaweke mezani, wakati naweza kumpa kila mzee lake mkononi?

Wazee wakaingia, Mzee Ndesario mbele na bakora yake. Nikapiga goti, kipaza sauti nimekibana kwapani (na nilikuwa nimeshakiwasha), nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Akalitazama jani, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akauliza polepole, "mmekosa nini?"

Sasa ndugu zangu, mimi mtu akiniuliza nimekosa nini, najua anataka kunisaidia! Nikauona mlango wa chumba unafunguka. Nikajibu kwa sauti tamu, "Babu, tumekosa mengi sana!" na kwapa langu likalitangaza hilo mpaka barabarani.

"Mengi?"

"Mengi, babu. Hasa kwa hawa watoto. Ndiyo maana kila mzee nimemletea la kwake."

Mama mmoja kule nyuma akapiga yowe: "Yesu na Maria! Wamewafanya nini watoto wetu?" Basi kina mama wakasimama, mmoja akawa anamwita mwanawe kwa kelele na mtoto mwenyewe kasimama mbele yake, katekista akavua kofia, na mimi naendelea kugawa majani huku natabasamu. Mzee wa nne alilipokea machozi yakimlengalenga, akaniambia, "Umefanya vema kusema, mwanangu," na mimi, mjinga wa watu, nikamjibu, "Na bado, babu, huu ni mwanzo tu."

Hapo ndipo Mama Aikande akaingia mbio, mikono kichwani.

"Zuhura! Weka chini hayo masale!"

Ndipo nikajua, mbele ya umati, kwamba jani lile linaitwa isale, na kwamba Mchagga akikuletea isale anakuomba msamaha, tena wa kosa zito, lile ambalo maneno matupu hayalifuti, na wewe uliyeletewa huwezi kukataa. Mama Aikande alikuwa akipaza sauti, "Wazee wangu, alimaanisha hatuna! Hatuna chumba, hatuna viti! Hakuna mtoto aliyeguswa!" Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Na nililia, sitaficha, kwa sababu niliona nimewafungia wale watoto mlango kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikamfikia mpaka katekista. Mzee Ndesario peke yake hakucheka. Aligeuza jani, akachunguza lilipokatwa.

"Umeyakata wapi?"

"Hapo kwenye kona, babu."

"Ule ni mpaka wa kihamba changu, shamba la urithi, na cha ndugu yangu. Tumeugombania tangu baba afariki, tumepatana juzi juzi tu, wewe unakuja kuukata na kisu cha mkate."

Mama Aikande akaninong'oneza, "Haya, sasa umekosa kweli."

Akakizima kipaza sauti yeye mwenyewe. Nikaokota isale moja, nikapiga magoti yote mawili, nikasema, "Babu, nimekosa. Nisamehe." Mzee akaniacha hapo chini mpaka magoti yakaanza kuuma, kisha akalipokea.

"Nimesamehe, maana sina ruhusa ya kukataa," akasema. "Chumba wapeni. Lakini huyu kila Alhamisi aje apande alichokata, mpaka kishike."

Basi nikawa mkulima. Alhamisi mbili nililima mpakani na sketi ya ofisi, watoto wamejaa wananicheka, na kule chumbani mshauri wetu amekaa peke yake, hakuna hata mmoja aliyeingia. Alhamisi ya tatu msichana mmoja wa miaka kama kumi akachuchumaa karibu yangu, akanishikia mche.

"Dada, ni wewe uliyewaomba watu wote msamaha?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi sijawahi kuona mtu mzima akiomba msamaha kwa mambo ya watoto." Akashindilia udongo kwa kiganja. "Yule mama wa chumbani, naye yuko kama wewe?"

Nikamwambia ndiyo, tena ananishinda. Akafuta mikono kwenye sketi ya shule, akaenda, akaingia, akafunga mlango.

Nimeapa sitakata tena jani la mtu bila kuuliza, hata liwe la mchicha. Lakini kumwambia yule mtoto kwamba siku ile nilikuwa natafuta maua tu, mniwie radhi, hilo sitalisema hata mkinipiga.